Lami Katika Handaki la Zamani

Ilibaki kazi ndogo tu kabla ya magharibi. Handaki la zamani, lililopitisha mabomba na nyaya chini ya ofisi za serikali mjini Garissa, lilikuwa limechakaa. Jipya lilikwisha kujengwa kando yake. Gelle, msimamizi wa vibarua, alitakiwa kuziba ufa wa mwisho kwa lami ya moto.

"Abti, waambie kwanza wapishe," alisema Dagane, mwana wa dada yake, akishika debe upande wa pili.

Gelle aliijua desturi hiyo tangu kwa nyanya yake kule Buna. Humwagi cha moto ardhini bila kusema Bismillahi na kuwaomba wasioonekana wawaondoe watoto wao. Lakini Mhandisi Khalif alikuwa amesimama juu ya shimo.

"Mzee Gelle, leo tena unapiga soga na majini?"

Vibarua wakaangua kicheko. Gelle aliona haya. Akainamisha debe bila Bismillahi.

Fssss...

Chini kabisa, mtoto akalia.

Mara moja tu.

"Ni hewa ya bomba," alisema Khalif. Hata hivyo aliliendea gari lake upesi.

Dagane alikwenda kutawadha. Gelle alibaki akikusanya vifaa, mara akanusa ubani... na nywele zilizoungua. Mwanamke alikuwa amesimama handakini, upande uliokwisha kuzibwa kwa ukuta. Kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa kwa nguo. Kilikuwa kikifuka moshi.

"Nani alimwaga?" alinong'ona.

"Mpwa wangu," alisema Gelle.

"Jina."

"Dagane Alio Salah."

"Na la mama yake?"

Gelle alijua jina la mama hutakiwa kwa kazi gani: kumroga mtu.

"Raho," alisema. Alimtaja dada yake, tumbo moja.

Baada ya isha alimkuta Dagane nyumbani kwao, mtaa wa Iftin, mikono imevimba malengelenge. Hakuna moto uliokuwa umemgusa.

"Walaal," dada yake alinong'ona, "anasema kuna mwanamke nje anamwita. Dagane wa Raho, Dagane wa Raho. Nani amempa jina langu?"

"Sijui."

"Basi msomee Kurani, ndugu yangu. Wewe ulikuwa naye."

Mlango ulikuwa karibu. Angeweza kutoka na kusema: ni mimi, Gelle, niliyemwaga.

Nje, mtu alikuwa akibembeleza mtoto asiyelia.

Gelle alivuta mkeka, akaketi, akaupa mlango mgongo.