Pete ya Zambarau

Kila Jumapili Gudula alioka keki ya plamu, na kaka yake alikuja kuila pamoja na mkewe, Wiltrud. Lakini tangu Wiltrud avishwe pete ya dhahabu ya zambarau, keki ilimkwama Gudula kooni.

"Wifi, mbona huli?" Wiltrud aliuliza, kidole chenye pete juu.

"Nimeshiba kuiangalia pete yako."

Pforzheim ni mji wa masonara, lakini rangi ile Gudula hakuwahi kuiona mkononi mwa mtu. Yeye alikuwa na pete moja tu, ya njano, aliyoachiwa na marehemu mama yake.

Jumapili moja Wiltrud aliivua pete aoshe vyombo. Alipotoka kidogo, Gudula akaijaribu. Ikambana. Akaivuta kwa hasira, ikamponyoka, ikagonga vigae vya sakafu. Ka! Vipande viwili.

Akavifunga kwenye leso, akakimbilia kwa jirani yake Bwana Eberle, sonara.

"Iunge haraka, kabla hajarudi!"

"Hii haiungiki, Mama Gudula. Dhahabu tupu ni ya njano. Ukiichanganya na shaba, inakuwa nyekundu. Ukiongeza fedha, inaelekea kijani. Hii imechanganywa na alumini, ndiyo maana ni ya zambarau. Ni ngumu, lakini huvunjika kama kioo."

"Sasa nifanye nini?"

"Kipande huchongwa kama kito, kikazungushiwa dhahabu ya njano ya kukikinga. Ila kwanza mwambie mwenyewe."

Gudula akarudi, akamkuta Wiltrud jikoni, akaifungua leso.

"Nimeivunja, wifi. Nilikuwa nakuonea wivu."

Wiltrud alivitazama vile vipande. "Kwa makusudi?"

"Kuiangusha, hapana. Kuichukia, ndiyo."

Wiltrud akachukua koti lake, akaondoka. Jumapili tatu hakukanyaga pale.

Gudula alimpelekea Bwana Eberle vile vipande pamoja na pete ya mama yake. Pete ikayeyushwa, ikawa ukingo wa kidani chenye kipande cha zambarau katikati. Akakipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Wiltrud.

Wiltrud alikigeuza kiganjani. "Hii dhahabu ya pembeni ni ya mama yenu?"

"Ndiyo."

Wiltrud alitaka kukivaa, kikamponyoka. Kidani kikaanguka kwenye ngazi ya mawe. Wiltrud akainama, akakiokota. Kilikuwa kizima, hata ufa hakikupata.

"Bado nakuonea wivu," Gudula alisema.

"Najua, wifi." Wiltrud akamfunga kidani shingoni. "Basi leo kivae wewe."