Alama Chini ya Sahani

Nisikilizeni watu wa Bungu, maana haya yametokea mlangoni kwetu, na aliyekosea si mtu mbaya.

Asubuhi baada ya tamasha la ngoma na sanaa, Mwanamina alikaa kibarazani kwake akisuka ukili, roho yake kwatu. Kila aliyepita alimsifu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mapishi, na pilau lake lilikuwa limelisha uwanja mzima, wenyeji na wageni, hata waliotoka Ikwiriri na visiwa vya delta. Zaidi ya hayo, hakuna mwanamke aliyeosha hata kijiko.

Si kawaida yetu hiyo. Kwetu shughuli ikitokea, kila mwanamke huleta masinia na sahani za nyumbani kwake, na chini ya kila chombo ana alama yake, tone la rangi au mkwaruzo wa msumari. Shughuli ikiisha, vyombo huoshwa, hupinduliwa, na kila kimoja hurudi kwao. Lakini miaka mitatu nyuma, sinia kubwa la Mwanamina lenye alama ya buluu lilipotea kwenye harusi ya binti wa Hajira, jirani yake na shoga yake tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani. Mwanamina hakuuliza. Aliweka kinyongo, na kinyongo kikikaa sana, ndugu zangu, hujivika nguo ya maendeleo. Tamasha lilipofika akaiambia kamati, "Mambo ya kuazimana vyombo yamepitwa na wakati. Tuagize visahani vya plastiki. Mtu anakula, anatupa, anakwenda kucheza ngoma yake."

Wote wakapiga makofi. Hajira, kiongozi wa waimbaji, akapiga pia. Nani anapenda kuosha masinia?

Visahani vikatupwa kweli. Upepo ukavisukuma mpaka mtaroni, vikajazana kwenye kalavati la barabara kuu. Kila mtu aliviona. Wanakijiji walisema kamati itavitoa, kamati ikasema kijiji kitavitoa. Mwanamina mwenyewe alipita pale kila siku, akatazama pembeni.

Mvua za vuli zikaja. Maji yakafika kwenye kalavati, yakakosa njia, yakageukia nyumbani kwa Hajira. Ukuta wa jiko ukaanguka, na mbegu yote ya mpunga aliyoiweka ya kupanda ikalowa ndani ya magunia. Mnajua wenyewe maana ya mkulima wa bondeni kukosa mbegu.

Mvua ilipokatika, Hajira alitokea kibarazani kwa Mwanamina, gauni limejaa tope, ungo kichwani. Akautua. Ungoni mlikuwa na visahani vichafu, vingine bado vina mafuta ya pilau.

"Shoga, nimekurudishia vyombo vyako," alisema. "Havina alama, lakini nimevijua."

"Hajira, mwenzangu, keti kwanza."

"Siketi. Nina magunia ya kuanika."

Mwanamina aliona aibu. Kesho yake alichukua jembe, akashuka mtaroni peke yake. Siku ya pili Mwantumu muuza maandazi alimkuta humo, akavua kandambili, akashuka naye. Siku ya tatu walikuwa kumi na watano. Wakazibua kalavati, wakakandika upya ukuta wa Hajira, na kila nyumba ikachanga kibaba cha mbegu. Hajira aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. La Mwanamina hakulitaja, wala hakumsalimia tena.

Mwaka ukazunguka. Mzee Saidy, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano.

"Ngoma ya siku moja, taka za mwaka mzima," alisema. "Tamasha basi. Ama yuko wa kuudhamini uwanja?"

Mwanamina alisimama. "Mie. Kosa la mwaka jana langu, na nililitenda kwa kinyongo cha sinia langu moja lililopotea harusini. Tule kwenye masinia kama zamani, tunywe kwa vikombe, na mie nitaosha. Uwanja ukikutwa na taka kesho yake, msinipe tena hata mwiko."

"Masinia ya nani, mama?"

"Ninayo sita."

Watu walicheka, lakini walimkubalia.

Asubuhi ya tamasha alikaa chini ya turubai na mabeseni yake, masinia sita mbele yake, masufuria ya pilau yakitokota. Masinia sita kwa watu mia tano! Wengi waliogopa kupotezewa vyombo, na yeye, kwa kinyongo cha sinia lake, ndiye aliyewafundisha woga huo. Alijiona ameshashindwa.

Ndipo akamwona Hajira akija kutoka barabarani, mzigo kichwani. Nyuma yake walikuja wanawake wa Bungu, na nyuma yao wageni wa Nyamisati, kila mmoja na furushi lake. Vyombo viligongana kabla ya ngoma kuanza.

Hajira alitua mzigo, akatoa sinia la juu, akaligeuza. Chini yake palikuwa na alama ya buluu iliyofifia.

"Lilikwenda na biriani kwa wifi yangu Nyamisati, siku ile ya harusi," alisema. "Uliposema pale mkutanoni ndipo nikajua linakuuma. Nikalifuata. Nilipowaambia wenzetu wa kule ni la kazi gani, wakasema hawatoi masinia yao bila kuja wenyewe. Shoga, nimekurudishia chombo chako."

Mwanamina alilipokea kwa mikono miwili, akalia mbele za watu bila kujificha.

Siku hiyo watu walikula watano watano kwenye sinia, makombo yakaliwa na bata. Hajira aliimba mpaka wazee wakanyanyuka, na mzee Saidy akakunja mikono ya kanzu akaosha vyombo. Kesho yake alasiri taka zote za tamasha ziliingia kwenye kiroba kimoja. Hakuna sahani hata moja iliyopotea. Na vuli ilipokuja, Mwanamina na Hajira walisimama mlangoni kwa Hajira wakiyatazama maji yakipita kalavatini kwenda zake.

FUNZO

Ulichotupa hakijaondoka, kimekwenda kwa jirani. Ukimdhania shoga yako, muulize kabla mafuriko hayajamuuliza. Ukikosea, kiri na ushike jembe. Wenzako watashuka mtaroni, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Tamasha la mwaka huu li karibu. Geuzeni masinia yenu, na alama zilizofifia mzipake upya.