Picha Isiyogeuzwa

“Nguo zimekauka?” sauti iliuliza sikioni.

“Bado zimo ndani ya beseni,” Kipanga alinong'ona.

Maana yake, bodi ya saketi haijaiva.

Kipanga alikuwa jasusi wa serikali, na jiko alimosimama lilikuwa la dada yake. Mume wa dada, fundi redio, alikuwa akitikisa beseni la plastiki taratibu, tindikali ikila shaba na kuacha njia nyembamba za umeme.

“Hii ya kufungulia geti, shemeji,” fundi alisema. “Mteja ana haraka utadhani anakimbizwa.”

Masikini wa Mungu! Geti gani? Ilikuwa ya kupofusha rada jioni ile, ndege ya silaha itue isionekane. Mteja na wenzake, wafanya magendo ya silaha, walikuwa na chipu moja tu, ya wizi. Ikiungua, mchezo umekwisha.

Ndiyo maana Kipanga alijitolea kuchapisha mchoro wa bodi. Wanaotengeneza bodi nyumbani wanajua: picha huchapishwa kinyume, ili pasi ikiibandika kwenye shaba ikae sawa. Kipanga hakuigeuza, ili chipu ipate umeme kinyume na kuungua. Makusudi kabisa. Fundi hakukagua, nani humkagua shemeji yake?

Nafsi ilimsuta. Alitaka kumwonya mapema, mkuu wake akakataa katakata. Fundi naye akamatwe, ili jasusi asijulikane.

Mnunuzi alifika bodi imeshatobolewa na kulehemiwa. Akachomeka chipu, akaunganisha betri.

Moshi.

“Umeniua,” alisema, bastola yake aina ya Glock ikitazama kifua cha fundi.

Kipanga alimrushia beseni. Tindikali ikampata mkononi, bastola ikaanguka. Teke moja, mtu chini.

“Zimekauka,” Kipanga aliinong'oneza kola yake, penye kipaza sauti.

Askari wakavunja mlango. Pingu kwa mnunuzi. Pingu kwa fundi.

“Kosa ni langu, nadhani picha haikugeuzwa, nami sikukagua,” fundi alisema, machozi yakimtoka. “Huyu ni shemeji yangu, kaja kutusalimu tu. Mwacheni, hajui lolote.”

Kipanga alitaka kusema. Akakumbuka amri ya mkuu wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Askari wakamwacha, akatoka mwendo wa pole, mikono mfukoni, kama mtu aendaye dukani.

Mlangoni alipishana na dada yake, kapu mkononi, anahema.

“Mume wangu kafanya nini?”

“Hata sijui, dada,” alisema, akasogea kando kumpisha.