Matundu Mawili Kwenye Diski

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwuza dawa aliweka kompyuta mpakato ya marehemu mkewe juu ya meza ya fundi, akasema inakwaruza hata ikiwa imezimwa.

"Dokta, kilichozimwa kimezimwa," alisema fundi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Labda una panya nyumbani."

Mwuza dawa hakucheka. Mkewe alikuwa amefariki kwa kifua miezi minne nyuma, na sasa aliitaka mashine hiyo kwa kazi za duka.

"Niwekee SSD, diski mpya isiyozunguka. Usihamishe kitu cha zamani hata kimoja. Diski kuukuu itoboe, mimi nikiona."

Fundi alichomoa betri, akafungua skrubu, akaitoa diski kuukuu na kuilaza mezani juu ya kipande cha mpira. Haikuwa imeunganishwa na waya wowote. Ikaanza kuzunguka.

"Unaisikia?" mwuza dawa alinong'ona.

"Naisikia." Fundi alirudisha mkono wake. "Na hii harufu je? Ni dawa ya kikohozi?"

"Funga SSD," alisema mwuza dawa.

Fundi alifunga SSD, akaweka mfumo mpya, akawasha. Kioo kiliwaka baada ya sekunde kumi na mbili. Ndani kulikuwa na faili moja ya sauti ambayo fundi hakuiweka, yenye tarehe ya siku aliyokufa yule mwanamke. Ikafunguka yenyewe.

Mwanamke alikohoa. Kisha sauti ya mwuza dawa: "Malizia, mke wangu. Kijiko cha mwisho."

"Mbona hii siyo ile ya mwanzo?"

"Ni ile ile. Meza."

Halafu sauti ya tatu, si ya mume wala ya mke, karibu kabisa na kipaza sauti: "Nimeona."

"Ifute," alisema mwuza dawa.

Fundi aliifuta. Ikarudi. Aliifuta tena, ikarudi.

"Nani huyo wa tatu, dokta?"

"Mke wangu alikuja naye kutoka kwao." Alisema kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Mama mkwe aliniambia siku ya ndoa, huyu binti ana mlinzi, usimguse vibaya. Nikadhani ni maneno ya wazee."

Akanyakua drili ukutani. Alidhani sauti inatoka kwenye diski kuukuu, na kwamba diski ikifa, sauti itanyamaza. Alipotoboa tundu la kwanza alikohoa. Alipotoboa la pili aliinama na kushika kifua, na fundi, aliyeona midomo yake ikibadilika rangi, alichomoa waya wa drili kwenye soketi, lakini drili haikusimama, iliendelea kunguruma mikononi mwa yule mwanamume huku ikimvuta kuelekea diski kwa mara ya tatu, na harufu ya dawa ikazidi hadi ikawa tamu kooni, na ile diski yenye matundu mawili ikazunguka kwa kasi kuliko mwanzo.

"Fundi, mwambie aache."

"Mwambie wewe. Mimi hanijui."

"Sema," ilisema sauti kutoka kwenye kompyuta.

Mwuza dawa alisema. Alitaja jina la dawa aliyochanganya, chupa aliyoitumia, na siku tatu alizomnywesha. Alipomaliza, drili ilisimama. Fundi alipiga simu polisi akiwa amesimama nje ya duka, na mbele yao mwuza dawa alirudia maneno yale yale na kutia sahihi.

Jumatano alipigwa picha ya eksirei kwa sababu ya kikohozi. Ilionyesha matundu mawili ya duara kwenye pafu la kulia, yenye upana sawa na ncha ya drili. Ngozi haikuwa na jeraha.

Alhamisi wakili wake aliandika barua kwamba mteja wake anayakana maelezo yake yote, kwani aliyatoa kwa hofu.

Ijumaa, saa tatu na dakika kumi asubuhi, askari wa zamu aliandika kitabuni kwamba amesikia drili ndani ya mahabusu. Alifungua mlango, akamkuta mwuza dawa amelala chali, peke yake. Kituo hicho hakina drili. Picha ya eksirei iliyopigwa mchana huo, kabla mwili haujapelekwa chumba cha maiti, ina matundu matatu.