Desibeli Themanini na Nane

Jioni ile nilikwenda kumfungia karakana jirani yangu, na sifichi, nilikwenda kwa furaha.

Kazi yangu ni kupima kelele kwa niaba ya manispaa. Yeye ni seremala, mtaa mzima unamwita Vumbi, na msumeno wake wa umeme ulikuwa ukinguruma ng'ambo ya ukuta wa chumba nilichokuwa nikilala na binti yangu wa miaka sita. Daktari alishasema masikio ya mtoto yanaharibika. Ukimwita mara tatu ndipo anageuka. Na huyu bwana anawasha msumeno hata siku asiyo na ubao wa kupasua! Nilimchukia.

Kipimo changu kinashikika kwa mkono mmoja, na kichwani kina sponji nyeusi ya kuzuia upepo. Kanuni ni kwamba mashine izimwe kwanza, upime ukimya, kisha iwashwe upime tena. Mimi hata sikuhangaika na ukimya. Nilisimama chumbani kwangu, nikanyoosha mkono, nikasoma: themanini na nane. Imezidi. Nikachukua kufuli la ofisi, nikaenda.

"Dada, umepima kukiwa kimya?" Vumbi aliniuliza.

"Usinifundishe kazi."

"Usizime. Mwonee huruma mtoto wako."

"Mtoto huyo huyo unayemuua masikio?"

Alinitazama kwa jicho baya. "Marehemu baba yangu hakuleta msumeno hapa kwa ajili ya mbao. Lakini haya, mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nikazima swichi kuu, nikaipiga kufuli.

Kimya.

Niliporudi, binti yangu alikuwa kitandani, ameziba masikio kwa mikono miwili. Nikacheka. "Mwanangu, kumeshatulia."

Akatikisa kichwa.

Fomu ya ofisi ilikuwa bado inadai namba ya ukimya, basi nikanyoosha mkono tena.

Themanini na nane.

Nikabadilisha betri. Themanini na tisa... tisini na moja...

Sikusikia kitu. Hata mbu. Ila kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na maji ya kwenye glasi pale juu ya kigoda yalikuwa yanatetemeka. Nikasogea mlangoni, namba ikashuka. Nikasogea ukutani, kilipo kitanda cha mtoto.

Mia na nne.

"Mama," alininong'oneza, "sasa linasikika vizuri. Msumeno ulikuwa unalizuia."

"Nini?"

"Linaloniita."

Ndipo nilipoelewa kwa nini nikimwita haitiki. Hakuwa kiziwi hata kidogo. Kulikuwa na mwingine anayemwita kabla yangu, na alikuwa anamsikiliza huyo.

"Usiitike!" nilimwambia. "Chochote kitakachosema, mwanangu, usiitike!"

Nilitaka kumbeba, lakini mwili wake ulikuwa mzito, haunyanyuki, utadhani umepigiliwa misumari kitandani. Nikakimbilia karakana. Funguo zilinidondoka mara mbili. Vumbi alikuwa amesimama pale pale, amekunja mikono, wala hakuinama kunisaidia.

"Nisamehe, kaka. Washa!"

"Wenye kazi yenu si mnajua," alisema. Lakini kufuli lilipofunguka, aliwasha.

Msumeno ukanguruma. Wallahi sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Nilirudi mbio, nikamkuta binti yangu ameketi, mikono mapajani, anatabasamu. Nikamkumbatia, nikalia kwa sauti.

"Bado linakuita?"

"Hapana, mama."

"Ahsante Mungu wangu."

Akanipigapiga mgongoni taratibu, kama mtu mzima anayembembeleza mtoto.

"Nimeshaitika."

Tulihama kesho yake. Daktari amempima upya, anasema masikio yamepona kabisa, hata yeye anashangaa. Siku hizi nikifungua mdomo tu, kabla jina halijatoka, anageuka na kusema, "Abee?" Kwa hiyo nimeacha kumwita.