Mnara wa Sunniva

Kila Ijumaa ya kiangazi, Sunniva akitoka shule hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Alilivuta shanta lake kutoka uvunguni mwa kitanda, akatia soksi za sufu, koti la mvua, kikombe cha bati na machungwa. Jikoni babu yake, Mzee Torgeir, alifunga mkate, jibini ya kahawia na kahawa ya kuchemshwa motoni. Tangu Bibi afariki, nyumba ile ilikuwa kubwa mno kwa watu wawili, na mlima ulikuwa unawatosha.

Ijumaa hii walikuwa na mgeni. Binamu yake Eilif, mwenye miaka kumi na miwili kama yeye, alikuwa amekuja kutoka mji wa Bergen.

"Kulala huko kambini ni kroni ngapi, Babu?" Eilif aliuliza wakianza kupanda.

"Bure."

"Bure? Basi patakuwa pabaya."

Mzee Torgeir alicheka mpaka akasimama. "Patakuwaje pabaya, na halmashauri haijapagusa?"

Njiani kila waliyepishana naye aliwasalimu, na Eilif akashangaa. Mjini mtu angekaa mlango kwa mlango na jirani yake mwaka mzima bila neno. Kumbe watu walewale, wakishapanda mlimani kupita mwisho wa miti, ndimi zao hufunguka.

Kambi yenyewe ilikuwa uwanja wa majani kando ya ziwa, chini ya mlima Skarnut. Hapakuwa na lango, wala mlinzi, wala bango la makatazo. Palikuwa na kibanda cha magogo kilicho wazi upande mmoja, mahali pa moto pamezungushiwa mawe, na choo cha shimo ambacho mtu alikifagia na kuacha kikiwa safi. Ndani ya kibanda kuni kavu zilikuwa zimepangwa, zimepasuliwa tayari. Aliyeondoka wa mwisho aliwapasulia watu asiowajua. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na maji ya ziwa lile mpaka leo mtu huyachota kwa kikombe na kuyanywa.

Kutoka kambini njia ilipanda hadi mgongo wa mlima, ikavuka kwenda bonde la pili. Huko juu hakuna mti, ni mwamba mtupu, kwa hiyo njia ilionyeshwa kwa minara ya mawe. Ukiwa kwenye mmoja, unauona unaofuata. Iliinuliwa na watu ambao hata Mzee Torgeir hakuwakuta, na kila apitaye huongeza jiwe moja.

"Zamani mawe yalipakwa alama nyekundu," Babu aliwaambia jioni ile mbele ya hema, akikoroga kahawa kwa kijiti. "Ikafutika. Wakubwa wa halmashauri wakaja na makoti yao mapya, wakapiga picha, wakanywa kahawa yangu, wakaahidi rangi. Naisubiri mpaka leo. Mlima wenyewe wanauonea dirishani tu! Kama si Aslaug kuitunza minara hii, mngekuta vifusi."

Bibi Aslaug alikuwa jirani yao kijijini, mfuga kondoo. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini alikuwa bado anavuka mgongo ule kwenda kuwaangalia kondoo wake, na siku ya pili alitarajiwa kupita hapo kunywa kahawa akirudi.

Asubuhi jua lilitoka zuri. Sunniva na Eilif walipanda peke yao mpaka pale njia inapopinda kulikwepa genge, mteremko uliokatika wima. Badala ya kupinda, wakaenda mbele moja kwa moja, wakatokea kwenye jukwaa la mwamba. Ziwa lilikuwa chini yao likimeta, na hema lao lilionekana dogo kama kiberiti.

"Mnakaa huku na hamjaweka hata kitu cha kupigia picha!" Eilif alisema. Akaanza kupanga mawe. Mnara wake ukaanguka.

"Mtoto wa lifti wewe," Sunniva alimcheka. "Ona wanavyojenga watu wa mlimani."

Alijenga kweli. Aling'oa mawe mapana ardhini, akayageuza upande laini uwe nje, akayaweka ya chini makubwa, akaziba mianya kwa madogo, mpaka mnara ukamfika kifuani. Eilif alimpiga picha amesimama kando yake kama malkia. Kisha wakateremka kuchuma matunda ya buluu, na mnara ukawatoka akilini.

Alasiri ukungu ulishuka. Haukuja polepole, ulimwagika kutoka mgongoni mwa mlima kama maziwa yanayochemka, ukalimeza ziwa. Mzee Torgeir alikuwa ameshachemsha kahawa. Akaigeuza birika, akatazama juu, akaigeuza tena.

"Aslaug amechelewa," alisema. "Lakini hatapotea. Ataenda mnara kwa mnara, anaijua yote."

Sunniva akageuka kuutazama mlima. Mnara kwa mnara! Na kule kwenye kona, mbele kabisa, juu ya genge, ulisimama mmoja zaidi.

Eilif naye alikuwa ameelewa. Akamvuta mkono nyuma ya hema. "Nyamaza, tafadhali! Babu akijua hataturudisha hapa tena. Bibi Aslaug mwenyewe ana akili, atauona si wa kweli."

"Ana akili, ndiyo. Hana macho."

"Sunniva..."

Lakini Sunniva alikuwa ameshafika motoni. "Babu, tulijenga mnara. Mimi niliujenga. Uko nje ya njia, juu ya genge."

Aliingoja ngurumo. Haikuja. Uso wa mzee ulipauka, akaweka birika chini.

"Mkubwa?"

"Unafika hapa." Akajishika kifuani.

"Vaeni makoti. Mnionyeshe."

Walipanda wakiwa wameshikana kwa kamba, Babu akipuliza kipenga kila walipogusa mnara. Hakuna aliyejibu. Kwenye kona, mzee angefuata njia, maana nani atamtafuta mtu mahali pasipo na njia? Sunniva ndiye aliyeivuta kamba. "Huku, Babu. Taratibu."

Babu akapuliza tena. Kutoka kwenye weupe sauti ikajibu, kavu na yenye hasira:

"Ni nani huyo fundi? Aje nimwone!"

Bibi Aslaug alikuwa ameketi ameegemea mnara wa Sunniva, ameloa, mguu mmoja ameunyoosha. Hatua chache mbele yake mwamba uliishia hewani.

"Niliufuata kama mjinga," alisema, huku Babu akiufunga mguu wake. "Nilipoufikia nikaupapasa. Mawe ya minara yetu yana vigaga vya kuvu, vimeota kwa miaka. Haya laini kama yai! Nikajua nimedanganywa. Nikarudi nyuma kwa kushtuka, mguu ukateguka. Nikajiambia, Aslaug, kaa hapohapo. Kwa baridi hii, ningekaa hapa usiku kucha, asubuhi sijui kama ningeiona."

"Ni mimi, Bibi," Sunniva alisema, na machozi yakamtoka.

"Sote," Eilif alinong'ona.

Bibi Aslaug aliwatazama, kisha akanyoosha mkono. "Niinueni basi. Mnajenga vizuri, ndiyo maana mkaniponza."

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Watoto walipanda na Babu, wakaubomoa mnara jiwe kwa jiwe, wakalirudisha kila moja kwenye shimo lake, vigaga juu. Eilif aliifuta ile picha bila kuambiwa. Kisha wakachukua jiwe mojamoja, wakaliongeza kwenye mnara wa zamani pale konani.

Kambini Bibi Aslaug alikuwa na mguu juu ya gogo na kikombe mkononi. Aliwakalisha pande zote mbili.

"Mlima huu ni bure kwa sababu sote tunauchunga," alisema. "Hapa hakuna mlinzi, wanangu. Mlinzi ni yule aliyepita kabla yako. Jiwe halina mdomo, lakini aliye kwenye ukungu hulisikiliza. Msilifanye liseme uongo. Na mkikosea, semeni upesi kama jana, maana kosa lililosemwa mapema bado lina njia ya kurudi."

Akamkabidhi Sunniva kikombe kitupu.

"Sasa nenda kapasue kuni. Kuna watu wanakuja."