Kiraka cha Somoe

Kilindoni nzima, intaneti ya kuaminika ilikuwa mahali pamoja tu: barazani kwa Kidawa, muuza mihogo, chini ya mnara wa simu. Jumamosi asubuhi pale hapapenyeki. Walimu wanatuma matokeo, wachuuzi wa samaki wanagombana na watu wa Dar kwenye simu, bodaboda wanatazama mabao ya jana, na katikati yao Kidawa anageuza mihogo huku anatukana mafuta yanavyomrukia. Chini ya meza yake kulikuwa na ekstensheni moja nyeupe, imejaa chaja za watu kama kunguni kwenye godoro.

Somoe Abeid alikaa kwenye ukuta, baibui jeusi, mtandio wa rangi ya bizari, macho hayabanduki kwenye kompyuta. Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani, ikikosa umeme inazima hapohapo. Somoe alikuwa anaishi Kiegeani na mama yake, na riziki yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za watu. Siku hiyo alikuwa anashusha kutoka mtandaoni toleo jipya la Tawi, programu ya bure ambayo waandishi wa programu dunia nzima huitumia kutunza kazi zao: nani kaandika mstari gani, nani kabadilisha, na kwa nini. Ilikuwa imefika asilimia tisini.

Mara mkono wa mwanamume ukapita chini ya meza, ukachomoa plagi. Skrini ikawa nyeusi.

"Wee! Nani kachomoa?"

"Samahani dada, nilidhani chaja ya simu imesahauliwa."

"Umedhani! Macho unayo ya nini? Nimekaa hapa tangu soko halijafunguliwa, na Tawi ikikatika inaanza upya. Upya, unanisikia?"

Yule kijana akaacha hata kuomba radhi. "Tawi? Dada, wewe unatumia Tawi? Nilidhani Mafia hii niko peke yangu."

"Sasa mko wawili, na mmoja wenu hana adabu," Kidawa akadakia, na baraza zima likacheka.

Kijana mwenyewe ni Kheri, mtoto wa mzee Shaibu wa palepale Kilindoni. Shati la drafti limepigwa pasi, ndevu zimechongwa, kinywa kitamu. Watafiti waliokuja huku kwa ajili ya hifadhi ya bahari walimwajiri kupanga picha za papa potwe kwenye kompyuta. Kwa kujutia kosa lake alinunua mihogo ya wawili, akachomeka ile plagi, kisha akachutama mbele ya ekstensheni akailinda mpaka asilimia mia. Alipoinuka magoti yamekufa ganzi. Somoe akajikuta anacheka, na hapo ndipo lilipoanzia.

Basi wakapendana. Wakapigiana simu mpaka bando zikaisha.

"Mlinzi wa plagi, umekula?"

"Nitakulaje, laazizi, na moyo wangu nao unashuka, umekwama asilimia tisini?"

"Mwongo mkubwa wewe."

"Niapie nini? Niambie, niape sasa hivi."

Katika kuchezeana huko Somoe akapata wazo. Kwa nini Tawi ianze upya kila ikikatika? Kwa sababu walioiandika wanakaa kwenye miji ambayo mtandao haukatiki, ndiyo maana! Atawaandikia yeye namna ya kuendelea. Tawi ni kazi ya umma: yeyote anaweza kuandika badiliko, wenyewe wanaliita kiraka, akalituma kwa barua pepe kwenye jukwaa lao. Wakaguzi wanalichambua mbele ya watu wote, wanalirudisha na maoni, unarekebisha, unatuma toleo jingine. Kikikubaliwa, kiraka kinashonwa ndani ya Tawi na jina la mwandishi linabaki humo daima. Hakuna wa kulifuta, maana kila anayeitumia Tawi duniani ana nakala yake.

Somoe aliandika, wakarudisha. Akarekebisha, wakarudisha. Barua zote zilipitia anwani ya Kheri, aliyekwisha kujiunga na jukwaa, na jina Somoe alisema atalitia kazi ikikamilika. Kheri alikuwa anakaa naye pale barazani, anamsomea maoni ya wakaguzi kwa sauti ya puani mpaka hasira zinageuka kicheko. Hatimaye wakamwambia: limebaki jambo dogo moja, lilete kabla ya Ijumaa, toleo jipya la Tawi linatoka.

Ijumaa hiyohiyo mama yake, Bi Mwanaharusi, akalala na homa kali, na mtandao wa Kiegeani ukafa kabisa. Kheri akaja na pikipiki. Somoe akampa flashi mkononi.

"Nenda kanitumie. Lakini usisahau mstari wa kwanza, *Kazi ya Somoe Abeid*. Ukiuacha, Tawi itamwandika aliyetuma, na haibadiliki tena."

"Mama watoto wangu, niamini."

"Watoto gani? Nenda!"

Kiraka kilikubaliwa. Mama akapona, mtandao ukarudi, na Somoe akafungua Tawi mpya roho inamdunda kwa furaha. Akaitafuta kazi yake, mistari aliyoijua kama vidole vyake. Juu yake imeandikwa: *Mwandishi, Kheri Shaibu.*

Akapiga simu.

"Laazizi! Nilikuwa nataka nikupigie..."

"Umeona lini?"

Kheri akaanza kuulizia hali ya Bi Mwanaharusi.

"Kheri, nakuuliza, umeona lini?"

"Palepale nilipotuma. Somoe, wallahi mkono uliteleza. Nilikuwa na haraka, nikanakili kuanzia mstari wa pili."

"Mkono umeteleza, nimekubali. Na mdomo? Wiki nzima watu wanakupongeza, na wewe unaitikia ahsanteni. Mdomo nao uliteleza?"

"Kuna kampuni ya Dar wameniita kazini. Nikasema acha niingie kwanza, nitulie, kisha niseme. Kwa ajili yetu sote wawili, mpenzi."

"Kwa ajili yetu!" Somoe akacheka kicheko kibaya. "Nenda Dar, Kheri. Nenda na jina langu, likufae."

Akakata. Akailia kazi yake kuliko anavyolilia mtu mchumba, na aliyesema mapenzi ndiyo yanayouma kuliko vyote hajawahi kuibiwa jasho lake na anayempenda. Kheri akapanda ndege. Barazani watu wakaulizana, Kidawa akawanyamazisha kwa mwiko.

Angeweza kupiga kelele kwenye jukwaa. Lakini nani angemwamini binti wa Kiegeani asiye na ushahidi ila machozi? Wangesema ni wivu wa wapenzi walioachana. Hapana. Somoe akaamua atamla taratibu, kama mtu anavyokula samaki mwenye miiba mingi.

Akaanza kukagua viraka vya wengine. Kila siku, kazi ya bure, mstari kwa mstari. Mwaka ukapita na zaidi. Wakubwa wa Tawi wakamwona ana jicho, wakamfanya mkaguzi wa sehemu ya kushusha, ileile yake. Hakuna kinachoingia pale bila yeye kusema ndiyo. Alipoipata ile barua ya kumteua alikwenda kwa Kidawa, akaagiza mihogo na pweza, akala peke yake mpaka akalegeza mkanda.

Kisha akangoja, kwa kuwa alijua atakuja. Kampuni ilimwajiri Kheri kwa sababu ya kiraka kile, haikosi itamtaka akiendeleze.

Akaja kweli. *Kheri Shaibu, toleo la kwanza.* Somoe alisoma jina lile, damu ikamchemka, halafu akatulia kabisa. Akajibu kwa adabu: hapa umekosea, hapa hujajaribu, hapa umerudia. Toleo la pili likaja, akalirudisha. La tatu, akalirudisha. Na uchungu wa yote ni kwamba maoni yake yalikuwa ya kweli, hakumwonea hata nukta. Wenzake kwenye jukwaa walisifu umakini wake, laiti wangejua.

"Siku hizi unacheka peke yako," Bi Mwanaharusi alimwambia, anaanika mwani uani.

"Napika kisasi, mama."

"Basi kitazame, kisiungue."

Kheri alipoleta toleo la saba, Somoe akachomoa kisu alichokificha muda wote. Akaandika mbele ya jukwaa zima: *Kwa kuwa wewe ndiye mwandishi wa kazi ya awali, tueleze: kwa nini ikikatika, haiendelei palepale ilipokatikia, bali hurudi nyuma kidogo kwanza?*

Swali la mstari mmoja. Aliyeandika angelijibu usingizini. Wakaguzi wengine nao wakasema, naam, hata sisi tulitaka kujua. Siku zikapita, Kheri hajibu. Mchana mmoja simu ya Somoe ikalia.

"Somoe, unaniua."

Sauti ile! Moyo ulimruka, akaukemea. "Mimi? Mimi nakagua tu."

"Kazini wameniweka tena kwenye matazamio. Bosi anauliza inakuwaje mtu aliyeiandika mwenyewe hawezi kuieleza."

"Hata mimi najiuliza."

"Niambie jibu, nakuomba. Jibu tu, kisha unifanye utakavyo."

"Jina umelichukua bila kuniomba, Kheri. Jibu unaniomba la nini?"

Akakata simu, na utamu alioupata hapo sina mfano wake. Alitembea mpaka pwani na kurudi, anaimba.

Kesho yake barua mbili zikaingia kwenye jukwaa, zote za Kheri. Kiraka cha kwanza kilikuwa cha kung'oa, maana jina la zamani halifutiki, ila kazi yenyewe inaweza kutolewa na kushonwa upya. Kiling'oa ndani ya Tawi kazi yote iliyobeba jina lake, na maelezo yake yalikuwa haya: *Swali mliloniuliza silijui jibu lake, kwa sababu kazi hii si yangu. Ni ya Somoe Abeid. Alinipa nimtumie, nikaacha mstari wa kwanza kwa haraka, na nilipoona kosa nikanyamaza kwa tamaa ya kazi. Kosa la kwanza ni la mkono. La pili ni langu.* Kiraka cha pili kiliirudisha kazi ileile, herufi kwa herufi, na juu yake mstari mmoja: *Kazi ya Somoe Abeid, wa Kiegeani, Mafia.*

Dunia nzima ikasoma, bosi wake akiwemo. Na aliyetakiwa kuvikagua viraka hivyo ni nani kama si Somoe? Alivipekua akitafuta kosa, na alilitamani kosa hilo kama mgonjwa anavyotamani maji. Hakuliona. Akapiga meza kwa ngumi, akalia kwa hasira, maana kisasi alichokipika mwaka mzima mtu amekuja kukiepua mwenyewe. Akaandika: *Nimevikagua. Viingie.*

Jumamosi akaenda Kilindoni. Baraza limejaa, mafuta yanaruka, na pale kwenye ukuta, mahali pake hasa, amekaa Kheri. Kakonda. Shati ni lile la drafti, limepauka mabegani. Mbele yake kompyuta kuukuu ya kuazima, isiyo na betri, inashusha Tawi mpya.

"Somoe," akasema, akainuka nusu.

"Na kazi?"

"Wameniondoa. Siku ileile."

Somoe akaona furaha inampanda, kisha akaona haya kuwa ameifurahia, kisha akaona uso wa Kheri na hakujua aone nini. Akachungulia skrini ya kompyuta. Asilimia tisini na moja. Akainama chini ya meza akachomoa plagi.

"Astaghfirullahi!" akasema mwalimu mmoja. Kidawa alisimama na mwiko juu. Skrini ikawa nyeusi.

"Inauma?" Somoe akauliza.

"Inauma."

"Ndivyo nilivyokaa mimi. Si dakika moja, Kheri, ni mwaka na zaidi. Nimeamka nayo, nimelala nayo."

"Najua."

"Hujui! Jina ningeweza kuandika kazi nyingine nikalipata. Nilikuwa na mtu mmoja tu ninayemsomea mistari yangu, na wewe ukanyamaza. Ningekusamehe hata siku ya pili, mjinga wewe. Hata ya tatu."

Kheri machozi yakamtoka mbele za watu wote, wala hakuyafuta. "Nilikuogopa," akasema. "Kila siku iliyopita nikakuogopa zaidi."

Somoe akainama tena chini ya meza. Kisha akairudisha plagi kwenye ekstensheni. Kompyuta ikawaka taratibu, Tawi ikafunguka. Asilimia tisini na moja. Ikashuka, themanini na tisa. Ikatulia kidogo. Kisha ikaanza kupanda.

"Imerudi nyuma," Kheri akasema.

"Marehemu baba alikuwa anashona nyavu. Alikuwa akisema usianzie kwenye jicho lililokatika, huwezi kujua limechakaa mpaka wapi. Rudi nyuma mpaka jicho zima, ndipo uendelee. Hilo ndilo jibu la swali langu."

Kheri akageuka kutoka kwenye skrini. "Na mimi? Nami naweza kuendelea?"

"Wewe urudi nyuma kwanza. Sasa hivi panda pikipiki uende Kiegeani, umwamkie mama yangu, umweleze kwa kinywa chako ulichonifanyia. Yeye hasomi jukwaa. Ukitoka salama, wazee wako walete posa."

"Na akikataa?"

"Atakurudisha na maoni. Utaleta toleo la pili."

"Mpaka la saba!" Kidawa akapaza sauti, na baraza zima likaangua kicheko. Kheri naye akacheka huku analia, akatafuta kandambili zake chini ya meza, akasita.

"Kompyuta ya watu hii. Plagi je?"

Somoe akakaa mahali pake ukutani, akatandaza baibui, akaiweka ekstensheni kati ya miguu yake miwili.

"Nenda," akasema. "Plagi naishika mimi."